Kati ya Mbwa na Punda, Mjinga Nani?

Mwaka 1999, huko North Carolina nchini Marekani, Janet na Don Burleson walianza kuwafundisha farasi wafupi, wale ambao mabegani hawafiki hata mita moja, kazi ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ya mbwa: kumwongoza mtu asiyeona. Ukiisikia mara ya kwanza unacheka. Farasi apande basi, aingie dukani, asubiri taa za barabarani? Lakini kanuni za sheria ya Marekani ya watu wenye ulemavu ziliporekebishwa mwaka 2010, farasi mfupi alitajwa baada ya mbwa kama mnyama anayeweza kufundishwa kumhudumia mlemavu. Sababu zilizotolewa hazikuwa za kubuni. Farasi anaishi miaka 25 hadi 30 na zaidi, wakati mbwa akifika 13 amekuwa mzee kabisa. Macho ya farasi yako pembeni mwa kichwa, anaona karibu pande zote bila kugeuka. Na hana tabia ya kumkimbilia kila mpita njia kwa furaha. Tangu hapo ubishi umeshika kasi: kati ya farasi mfupi na mbwa, nani mwenye akili?

Ubishi huo ukiuleta Utemini, kata iliyo ndani ya Manispaa ya Singida, unabadilika sura hapo hapo. Farasi hatuna. Tunaye punda, na punda wetu kwa kimo hampiti sana yule farasi mfupi wa Marekani. Yeye ndiye anayebeba madumu ya maji bomba likikauka, magunia ya alizeti msimu wa mavuno, mchanga na mawe ya ujenzi. Mbwa naye yupo, kalala kivulini mchana, usiku ndiye mwenye mtaa. Kwa hiyo swali letu ni la punda na mbwa, na hukumu yake tulishaitoa zamani bila kumsikiliza mshitakiwa. Mtoto akishindwa hesabu anaambiwa ni punda. Mbwa anatukanwa pia, tena kwa matusi mazito zaidi, lakini si kwa ujinga: ataitwa mchafu, mlafi, asiye na haya. Akili hatumnyimi.

Ninavyoona mimi, hukumu hiyo ina kasoro moja kubwa. Tumewapima wanyama hawa kwa kipimo cha utii kisha tukakiita kipimo cha akili. Anayefanya tunachotaka haraka ndiye mwerevu, na anayesita ndiye mjinga. Kwa kipimo hicho mbwa atashinda kila siku. Swali ni kama kipimo chenyewe ni halali.

Kwanza tumalize suala la farasi, maana kukosekana kwake hapa kuna historia. Henry Morton Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta Livingstone alikuwa na farasi wawili na punda zaidi ya ishirini. Farasi wote wawili walikufa mapema, kabla safari haijaacha ukanda wa pwani. Mbung'o na tauni ya farasi, ugonjwa unaosambazwa na vidudu vidogo vinavyouma usiku, vimewafanyia hivyo farasi wengi katika nchi hizi. Punda wa Stanley nao walikufa kwa wingi njiani, kwa kuwa mbung'o hana upendeleo, lakini ile tauni punda huihimili. Ndiyo maana misafara iliyokatiza Mgunda Mkali, nyika kavu iliyo katika wilaya za kusini za mkoa wetu wa leo, iliweza kuwa na punda na si farasi. Hata sasa farasi utamkuta kwa wenye uwezo wa kumtunza: klabu chache, mashamba ya kitalii, na Kikosi cha Mbwa na Farasi cha Jeshi la Polisi. Kikosi hicho, kwa jina lake tu, kimewaweka pamoja wanyama hawa wawili bila kuuliza nani mkubwa wa mwenzake. Farasi ana kazi yake kwenye umati, mbwa ana kazi yake penye harufu.

Punda ni wa kwetu kuliko tunavyodhani. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2022 na jopo la wanasayansi wa nchi nyingi ulionyesha kwamba punda wote wanaofugwa duniani wanatokana na ufugaji ulioanza mara moja tu, miaka 7,000 hivi iliyopita, katika Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika. Punda wa Uchina, wa Hispania, wa Meksiko, wote asili yao ni huku. Mbwa alitangulia zaidi. Alitokana na mbwa mwitu wa nchi za kaskazini, na alikuwa ameshaishi na binadamu miaka elfu nyingi kabla mtu yeyote hajapanda mbegu ya kwanza.

Tofauti hizo za asili ndizo zinazofungua kesi. Babu wa mbwa aliwinda kwa kundi. Ili ale, ilimpasa amwangalie mwenzake anaelekea wapi na ajue nani wa kumtii. Akaja kuishi na watu, na kwa vizazi vingi aliyesoma uso wa mtu vizuri ndiye aliyetupiwa mfupa. Babu wa farasi aliishi kwenye mbuga pana, katika kundi kubwa, na silaha yake ilikuwa mbio: kitu kikichakacha kwenye nyasi, kimbia kwanza. Babu wa punda aliishi jangwani na kwenye milima ya mawe, mahali ambapo malisho ni machache na wanyama hutawanyika. Hakuwa na kundi la kumfuata. Kukurupuka na kukimbia juu ya mawe makali ni kuvunja mguu, na mnyama aliyevunjika mguu jangwani amekwisha. Kwa hiyo punda akitishwa husimama. Anatega masikio, anaangalia, ananusa, anapima. Baadaye ndipo anaamua: kwenda, kurudi, au kupigana.

Kile kisimamo ndicho tunachokiita ukaidi.

Nenda ukaangalie asubuhi moja kwenye vioski vya maji. Punda wanne wamepakiwa madumu, mawili kila upande, wanaongozana bila kamba mpaka kwa wateja, na kijana mwenye mali yuko nyuma akipiga simu. Hawaongozi. Wanajua nyumba ya kwanza ni ipi, ya pili ni ipi, na wapi pa kukata kona kukwepa ile barabara ya magari. Wakishashushwa mzigo wanageuka wenyewe. Punda mgeni anapoingizwa katika kundi hilo hapewi somo lolote na mtu, anafuata mwendo wa wakongwe, na baada ya muda mfupi naye ni mwenyeji wa njia. Hiyo ni kumbukumbu ya mahali, na ni ya kiwango cha juu. Mwenye toyo, ile pikipiki ya magurudumu matatu inayompokonya punda soko siku hizi, hawezi kusema chombo chake kinajua njia ya kurudi nyumbani.

Sasa chukua kundi hilo hilo baada ya mvua kubwa, lifike kwenye kalvati ambalo maji yamelipitia juu usiku. Punda wa mbele anasimama. Masikio yote mawili mbele. Anashusha pua hadi karibu iguse udongo, anapumua kwa nguvu, anarudisha mguu mmoja nyuma. Kijana anakata simu, anakuja na fimbo. Moja, mbili, tatu. Punda anakaza shingo na hajongei. Mpita njia anacheka na kusema punda ni punda tu. Mwisho kijana, kwa hasira, anatangulia mwenyewe kumvuta, na hapo ndipo anapoona kwamba udongo wa ukingo umelika chini, juu limebaki gamba tu. Anawapitisha kwa pembeni, kwenye mawe. Fimbo alizokwisha kupiga hazirudi.

Waliosoma Biblia watakumbuka kisa cha Balaamu katika kitabu cha Hesabu, sura ya 22. Punda wake aliona hatari njiani ambayo bwana wake hakuiona, akagoma mara tatu, akapigwa mara tatu. Kisa kile kina maelfu ya miaka, na kinaendelea kutokea kila masika.

Lakini mwenendo wa njiani si ushahidi wa maabara, na mtu wa upande wa mbwa ana haki ya kudai vipimo. Vipo, na vingi vinampendelea. Huko Ujerumani, mbwa aitwaye Rico alifahamika mwaka 2004 kwa kujua majina ya vitu takriban 200. Akitajiwa jina jipya kabisa, aliweza kukisia kwamba ni la kile kitu kigeni kilichowekwa kati ya vile alivyovizoea. Mwaka 2011 Marekani ikamtoa Chaser, mbwa jike wa uzao ule ule wa kuchunga kondoo, aliyefundishwa na mwalimu mstaafu wa saikolojia, John Pilley, akajua majina 1,022. Kabla ya hapo, mwaka 2002, Brian Hare na wenzake walikuwa wameonyesha kwamba mbwa, hata akiwa bado mtoto, akinyooshewa kidole anaelewa kwamba chakula kiko upande ule, jambo ambalo sokwe, ndugu yetu wa karibu, lilimpa taabu kubwa. Wanaohesabu chembe za ubongo nao walisema mwaka 2017 kwamba gamba la ubongo wa mbwa lina chembe za neva milioni 530 hivi, na la paka milioni 250. Ubongo wa farasi ni mzito mara kadhaa kuliko wa mbwa, ila na mwili wake ni mkubwa vilevile, na hesabu hizo za uzito hazijawahi kumaliza ubishi wowote, kwa hiyo niziache.

Kuna jaribio moja la mbwa ambalo mimi huliona lina pande mbili. Mwaka 2003 Ádám Miklósi wa Budapest na wenzake waliwapa mbwa na mbwa mwitu waliolelewa na watu tatizo la kupata nyama. Walipokwisha kulizoea, likafungwa kabisa, lisiweze kutatuliwa. Mbwa mwitu waliendelea kupambana nalo. Mbwa waliacha mapema, wakageuka kumtazama mtu usoni. Mwenye kumpenda mbwa atasema: huo ndio werevu, kujua kuomba msaada kwa mwenye uwezo. Mwingine atasema: huo ni utegemezi, mnyama ameshakabidhi kufikiri kwake kwa bwana wake. Naona wote wamesema kweli, na ndipo ugumu wa swali letu ulipo. Akili ya mbwa haiko ndani ya kichwa chake peke yake. Nusu yake iko kwetu.

Upande wa farasi na ndugu zake hauna wingi wa tafiti kama huo, kwa sababu iliyo wazi: mbwa analala ndani ya nyumba za watafiti, punda halali. Hata hivyo tafiti zipo. Wa kwanza kujulikana ni farasi Hans wa Berlin, aliyesifika mwanzoni mwa karne iliyopita kwa kujumlisha na kugawanya kwa kugonga kwato. Tume iliundwa mwaka 1904 kumchunguza, na miaka 3 baadaye Oskar Pfungst akachapisha jibu: Hans hakujua hesabu hata kidogo. Alikuwa akimwangalia muulizaji, na muulizaji bila kujijua alitikisa kichwa kidogo sana idadi ilipotimia. Muulizaji asipojua jibu, farasi naye hakujua. Dunia ikamcheka Hans. Mimi naona wa kuchekwa walikuwa wale wasomi, maana farasi aliwasoma wao kwa muda mrefu kabla wao hawajamsoma yeye.

Tafiti za karibuni zimemrudishia hadhi. Mwaka 2016 watafiti wa Norway walieleza jinsi farasi 23 walivyojifunza kutumia mbao zenye alama kuomba wavalishwe blanketi, wavuliwe, au waachwe walivyo. Siku ya baridi na mvua waliomba kuvikwa, siku ya jua waliomba kuvuliwa. Mwaka huo huo Monamie Ringhofer na Shinya Yamamoto wa Chuo Kikuu cha Kobe, Japani, walionyesha kwamba farasi akiona chakula kimefichwa mahali asipoweza kukifikia, humsogelea mtunzaji, humtazama na kumsukuma. Na humsumbua zaidi yule mtunzaji ambaye hakuwepo chakula kilipofichwa. Yaani ana dalili ya kutofautisha anayejua na asiyejua. Hicho ni kipawa ambacho kwa miaka mingi mbwa alisifiwa nacho kana kwamba ni chake pekee.

Na punda mwenyewe? Hapa ndipo penye utafiti ninaouona kuwa kiini cha shauri hili, kwa sababu ni miongoni mwa michache iliyomweka punda na mbwa kwenye mtihani mmoja. Uliongozwa na Britta Osthaus, ukachapishwa mwaka 2013. Wanyama 36, yaani farasi, punda na nyumbu (mtoto wa punda na farasi, si yule wa Serengeti), waliwekwa mbele ya uzio ulionyooka. Ng'ambo kulikuwa na kitu wanachokitaka, wanakiona. Uzio ulikuwa na mwanya upande mmoja tu. Wakaachwa wapite mara kadhaa, wakazoea. Kisha mwanya ukahamishiwa upande wa pili, waziwazi. Matokeo yakalinganishwa na ya mbwa waliokwisha kupewa mtihani kama huo.

Mbwa walikwenda pale pale pa zamani. Mwanya mpya upo, lakini wao walifuata mazoea. Farasi vilevile. Punda na nyumbu hawakufanya hivyo. Walikwenda huku au kule, bila mazoea kuwavuta upande mmoja. Tusiwazidishie sifa: hawakuchagua mwanya mpya kwa uhakika, walikuwa nusu kwa nusu tu. Aliyeng'ara ni nyumbu, ambaye katika sehemu ya kwanza aliwashinda wazazi wake wote wawili kwa kasi. Lakini kosa la kung'ang'ania njia iliyokufa lilikuwa la mbwa na farasi. Mnyama tunayemwita mkaidi ndiye ambaye mazoea hayakumfunga.

Matokeo hayo yanaendana vizuri na kisa cha kalvati. Jana ilipitika, leo haipitiki, na punda hakuichukulia jana kuwa sheria. Kwa mbwa hali ni nyingine. Mbwa anayemfuata bwana wake kwenye daraja bovu ataingia naye, kwa sababu kumwamini bwana wake ndiyo akili yake.

Nisieleweke kuwa namshusha mbwa wa Utemini. Usiku anafanya kazi ambayo punda haiwezi. Anajua mlio wa pikipiki ya mwenye nyumba ikiwa bado mbali, na haibwekei. Anajua hatua za jirani na hatua za mtu asiye na kazi pale. Fisi anaposhuka kutoka kwenye yale majabali yanayouzunguka mji wetu kutafuta mbuzi, mlio wa mbwa ni tofauti na ule wa kumbwekea mlevi, na wenye nyumba tunautambua tukiwa kitandani. Mnyama anayebadilisha taarifa kulingana na hatari hafanyi kazi ya kijinga. Tena huyo ni mbwa asiyefundishwa kitu, anayekula ugali uliobaki, ambaye mara nyingi hata chanjo ya kichaa hapati. Akipewa mwalimu anakuwa mwingine kabisa. Tangu mwaka 2014 shirika la African Wildlife Foundation limekuwa na mpango wa kufundisha mbwa huko Usa River, mkoani Arusha, na mbwa waliotoka huko wamenusa pembe za ndovu na magamba ya kakakuona kwenye mizigo katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa. Hakuna punda atakayefanya hivyo.

Halafu aje wa tatu kuwaharibia wote wawili. Pale Morogoro, shirika la APOPO kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine limewafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vijidudu vya kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alipewa nishani ya dhahabu mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia. Panya! Mnyama ambaye hatumhesabu hata kwenye orodha. Wazo la ngazi moja ya akili, mbwa juu na punda chini, linapata shida kubwa hapo, maana kila tukimpa mnyama mtihani unaofanana na maisha yake tunamkuta mwerevu.

Dini nayo imeingia katika shauri hili kwa mlango wa pembeni. Singida ina Waislamu wengi, na katika nyumba nyingi za Kiislamu mbwa haingii ndani, mate yake yana hukumu zake za tohara. Wapo wanaodhani kwa hiyo mbwa hana heshima yoyote, wakasahau kwamba Qurani inamtaja mbwa aliyelala na vijana wa pangoni katika sura ya Al-Kahf, na inaruhusu kula windo la mbwa aliyefundishwa katika sura ya Al-Maidah. Neno lililotumika pale ni la mafunzo. Huko Dearborn, Michigan, binti mmoja Mwislamu asiyeona alipata farasi mfupi wa kumwongoza kwa sababu familia yake isingependa mbwa ndani ya nyumba. Yeye hakujiuliza nani mwenye akili zaidi. Alitaka mnyama atakayemvusha barabara na kukaa naye chini ya paa moja na wazazi wake, akampata.

Kuna pingamizi moja ambalo mtu anayempenda punda lazima alikabili. Si kila punda anayesimama ana busara. Wengine wamesimama kwa sababu kamba imewala bega mpaka nyama nyekundu, au wana kiu, au mzigo umewashinda. Punda ni mnyama wa kuwindwa, na mnyama wa kuwindwa haonyeshi maumivu, maana simba humchagua anayechechemea. Mbwa akikanyagwa mguu mtaa mzima unasikia. Punda mwenye kidonda cha kutisha atasimama kimya, masikio yameshuka kidogo, na mwenyewe atasema mnyama wangu mzima huyu. Kwa hiyo kisimamo cha punda ni ujumbe wenye maana zaidi ya moja, na wa kuusoma ni sisi. Mbwa ametufundisha uvivu. Yeye anatusoma sisi, anatumalizia kazi yote ya kuelewana. Kwa punda kazi hiyo ni nusu kwa nusu, na nusu yetu hatuifanyi.

Sheria ipo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama na kumtumikisha kupita uwezo wake. Lakini sheria haisimami kwenye kila kona ya mtaa, na kijana aliyepewa punda na tajiri kwa hesabu ya siku ana haraka zake. Nadhani njia iliyo fupi zaidi ni ya maslahi. Punda anayepigwa hujifunza pia, tena haraka: anajifunza kwamba binadamu ni hatari, na mnyama asiyekuamini hatakufuata mahali penye wasiwasi hata kama pako salama. Wazee wanaotangulia mbele ya punda wao kwenye kivuko, wakakanyaga kwanza, wakamwita, huvuka bila kelele.

Na thamani ya mnyama huyu imepanda kwa sababu ya kusikitisha. Ngozi yake inachemshwa Uchina kutengeneza dawa iitwayo ejiao, na kwa miaka kadhaa machinjio ya punda yalifanya kazi Dodoma na Shinyanga, Singida ikiwa katikati ya barabara inayounganisha miji hiyo. Punda jike hubeba mimba mwaka mzima na kuzaa mtoto mmoja, kwa hiyo hakuna namna ya kuzalisha kwa kasi ya kuchinja. Desemba 2022 nchi za Afrika zilikutana Dar es Salaam kujadili hatima ya punda, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walioketi Addis Ababa wakaafiki kusitisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15. Aliyeuza punda mzoefu kwa mnunuzi wa ngozi aliuza mnyama aliyejua kila mteja, kila kona na kila kalvati. Mnunuzi alilipia ngozi. Vingine vyote alipewa bure.

Hukumu yangu, basi. Katika kumsoma binadamu mbwa ni bingwa, na hakuna haja ya kumpokonya taji. Katika kukumbuka njia, kupima hatari na kukataa kosa la bwana wake, punda anamzidi, na farasi mfupi wa Marekani anakaa katikati: ana masomo ya mbwa na macho ya punda. Wakufunzi wa mbwa wa kuwaongoza wasioona wanajua jambo hili vizuri kuliko sisi, kwa kuwa somo gumu wanalompa mbwa ni kukataa amri ya kwenda mbele pale palipo na shimo au gari. Humfundisha kwa miezi. Punda wa Utemini analijua bila kufundishwa, na malipo yake ni fimbo.

Ombi langu ni kwa wenye punda na vijana wanaowaongoza. Punda akisimama, usianze na fimbo. Anza kwa kuangalia njia iliyo mbele yake, kisha kamba, kisha mgongo na mabega, kisha uzito wa mzigo. Ukimaliza vyote hivyo bila kuona kosa, tangulia wewe, na yeye afuate.